Hajafa, Lakini Si Mzima

Kijenge, alasiri

Mwanangu Zuhura,

Barua za enzi zetu zilianza kwa kusema sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Yangu imekwama hapo hapo, maana wewe hujafika mbali. Uko sokoni na mama yako mnatafuta ndoo na shuka, na mwenye hofu na mashaka ni wewe, na hofu yenyewe ni juu yangu. Jana jioni nilikuwa nyuma ya jiko nalisha kuku nikakusikia unamwambia mama yako, "Mama, mimi naona niahirishe chuo mwaka mmoja. Mikono ya baba si ya kawaida." Mimi nilisahau kuacha kumwaga pumba, kuku wakala chakula cha jana na cha leo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kusema na wewe ana kwa ana siwezi. Ukinitazama vile unavyomtazama mdudu, naanza kujibu maswali ambayo hujayauliza. Ukiona herufi zimelala upande usidhani nililia. Ni hiyo mikono, na leo imekubali kufanya kazi nzito, kwa hiyo usiiseme vibaya.

Kabla sijakugombeza nikuambie kwanza nilivyo na furaha. Tangu majina ya waliochaguliwa yatoke silali vizuri, na si kwa sababu ya mawazo. Nimemwambia fundi cherehani, nimemwambia imamu tukiwa bado tunatafuta viatu mlangoni, nimemwambia yule mama wa chapati hapo kona. "Zuhura wangu anakwenda Morogoro kusomea wadudu." Mama wa chapati akaacha kusukuma. "Wadudu? Nao wanasomewa?" Nikamwambia wanasomewa mpaka mtu anaitwa daktari. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Daktari wa wadudu? Sasa anawatibu?" Nikacheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani. Hilo swali lake ulibebe, ni zuri kuliko anavyodhani.

Habari za blanketi, za kutokula kitu cha mtu usiyemjua safarini, za kupiga simu kila jioni, mama yako amekwisha kukuimbia na ataimba tena kesho. Mimi nazipita. Nitakusimulia nilivyokosea, maana hapo ndipo nilipobobea.

Wewe ulizaliwa ukanikuta tayari mpiga dawa ya wadudu mashambani. Hukuniona nilivyoanza. Nilikuja mjini hapa kutoka Kondoa na mikono mitupu, nikafanya kibarua kwenye bustani za nyanya kule Tengeru, na siku moja tajiri wa shamba akanipa bomba nilibebe mgongoni kwa sababu mpiga dawa wake hakutokea. Nikapenda. Ile sauti ya kusukuma mpini, ile mvua ndogo inayotoka mbele yako, majani yanang'aa, na nyuma yako watu wanasema shamba limepona. Nikaacha jembe. Nikanunua bomba langu, nikawa nakwenda shamba hadi shamba, na watu wakaanza kuniita Daktari. Kichwa kikavimba, sikufichi.

Na ni neno lenyewe lililotupoteza wote. Dawa. Ile ya homa ni dawa, ile ya kikohozi ni dawa, na ile ya kumwagia kiwavi nayo ni dawa. Kitu kinachoitwa dawa nani atakiogopa? Tukiipulizia upande upepo unakotoka, ikaturudia usoni, tulijifuta kwa kofia. Barakoa tulisema ni ya waoga. Jioni tulikunywa maziwa, kikombe kikubwa, kila mpiga dawa ninayemjua alikunywa maziwa, tukiamini yanatoa sumu mwilini. Nilikunywa kwa imani kubwa mno. Ng'ombe wa jirani walifaidika, mimi sijui nilifaidika na nini.

Sasa nikuambie habari ya kizibo. Unaujua utaratibu wetu: hatupimi kwa mililita, tunapima kwa kizibo cha chupa. Vizibo viwili kwa bomba moja, basi. Mimi nilikuwa na kizibo changu kimoja, cha dawa ya zamani niliyoanza nayo kazi, nimekitoboa na kukifunga kwa uzi kwenye mkanda wa bomba ili kisipotee. Niliona kina bahati. Dawa ile ikaadimika, ikaja nyingine, chupa kubwa zaidi na kizibo chake kikubwa zaidi. Muuzaji wa duka la pembejeo akaniambia, "Hii nayo ni vizibo viwili, Daktari." Alikuwa na maana ya vizibo viwili vya chupa ile. Mimi nikaenda shambani nikapima viwili vya kile kizibo changu kidogo cha kwenye uzi. Na nikaendelea hivyo msimu kwa msimu, nusu ya kipimo au pungufu ya hapo, kwa moyo mkunjufu kabisa.

Ungedhani wateja watanifukuza. Wapi. Wadudu walikuwa wanadondoka. Ile ni dawa ya kuangusha, ukiipiga tu unaona viwavi wanajinyonga na kuporomoka kwenye majani, na mwenye shamba amesimama pembeni anaona kwa macho yake. Mtu akiona mdudu anadondoka, analipa na kushukuru. Hakuna aliyebaki kuwatazama baada ya hapo. Mimi nilikuwa nimeshawasha pikipiki.

Aliyebaki ni wewe. Ulikuwa darasa la tano, na Jumamosi moja nilikuchukua mpaka shamba la mteja wangu Mama Kaaya, kule Tengeru, jambo ambalo leo nisingelifanya. Uliokota viwavi waliodondoka ukawatia kwenye kopo la siagi, ukawawekea jani, ukatoboa mfuniko. Nikakuambia utupe, umebeba maiti. Asubuhi ukaja kuniamsha. "Baba, wamefufuka." Nikatazama kwenye kopo. Wengine walikuwa wamekufa kweli. Wengine walikuwa wanatembea, mmoja yuko juu ya jani anakula bila haraka. Nikasema, "Hawa wa Tengeru wana roho ngumu," nikarudi kulala. Zuhura, ule ulikuwa mlango wazi na mimi nikaufunga kwa mguu ili nilale. Na kwa sababu nilidhani shida ni roho zao, wiki iliyofuata nilichanganya dawa mbili katika bomba moja, na baadaye tatu na sabuni ya unga ili zishike kwenye jani. Kizibo kilikuwa kile kile.

Misimu ilivyokwenda, wadudu walizidi. Kantangaze, yule kiwavi mdogo, alipoingia kwenye nyanya, na unajua kwa nini tulimwita hivyo, maana akiingia kwako hana siri, kijiji kizima kitajua umeharibikiwa, nilimpiga na mchanganyiko wangu na yeye akaendelea kuchimba majani. Nzi weupe walikuwa wengi mpaka ukitikisa shina wanapaa kama unga. Nililaumu jua, nililaumu mbegu, nililaumu viwanda. Nilikuwa nawafundisha kuizoea dawa, na nilikuwa nalipwa ada ya ualimu na wenye mashamba.

Lakini lile linalonichoma ni la matango ya Mama Kaaya. Alikuwa amelima matango pale chini ya mfereji na ana mizinga miwili ya nyuki kwenye miti ya mpakani. Nilipiga dawa asubuhi, maua yote yamefunguka, maana jioni nilikuwa na shamba lingine. Wiki kadhaa baadaye akaniita. Matango yalikuwa yamepinda, upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba kama mkia, ndivyo yanavyokuwa maua yakikosa nyuki.

"Fundi, hebu njoo uone nyuki wangu," akasema. Yeye hakuwahi kuniita Daktari. "Wanapungua, aisee. Wanatoka asubuhi, hawarudi wote."

Nikaenda, nikapiga magoti chini ya mzinga, nikapekua nyasi. "Mama, umeona nyuki aliyekufa hapa? Hata mmoja?"

"Sijaona."

"Basi wazima."

Akanitazama. "Haya, wazima. Wako wapi?"

Nikacheka, nikampa mkono, nikaondoka. Hakuniita tena kwenye shamba lake, na mimi nikaenda nikisema yule mama ana maneno mengi. Aliyepoteza kitu alikuwa ameniuliza swali la maana, na mimi nikalikimbia kwa kicheko, ili nisije nikaonekana sijui. Ukinirithi katika kila kitu kingine, usinirithi hapo.

Tuje mwaka huu, maana ndiko furaha yangu ilikoanzia. Ulipomaliza kidato cha sita ukapata kazi ya kumsaidia yule dada mtafiti kwenye vishamba vyake vya majaribio kule Kisongo. Nilikuletea chakula siku moja, nikakuta umeinama kwenye sahani ya kioo. Ukaniambia, "Shikamoo Baba, usitingishe meza," ukanipa kioo cha kukuzia. Nikaona nyigu, mdogo kuliko punje ya mchele, mwembamba mwenye kiuno. Ukanieleza kwamba huyu hana ugomvi na mtu yeyote isipokuwa kiwavi, anamtafuta, anamtagia mayai ndani ya mwili, na watoto wake wanammaliza yule kiwavi bila mimi, bila bomba, bila kizibo. Nilikuuliza wamekuwepo tangu lini. Ukasema, "Siku zote, Baba." Siku zote! Nimetembea juu ya mashamba hayo utu uzima wangu wote na kulikuwa na wafanyakazi wenzangu ambao sikuwahi hata kuwasalimia.

Ukaniwekea wawili, kila mmoja kwenye sahani yake na kiwavi mmoja. Wa kwanza alitembea akipapasa kwa vile vipembe vyake, akamfikia kiwavi, akapanda, kazi ikaanza. Wa pili alikuwa amepita juu ya jani lenye dawa kidogo sana, kiasi kisichoua. Naye alitembea vizuri. Miguu ilikuwa mizuri, mabawa mazuri. Akafika karibu na kiwavi, akampita. Akageuka, akampita tena. Alikuwa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Nilimsubiri mpaka shingo ikauma. Nikakuambia, "Lakini huyu mzima."

Ukasema, "Baba, huyu hajafa, lakini si mzima."

Zuhura, wewe labda umesahau ulisema hivyo, ulikuwa unaandika namba zako. Mimi nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo. Sisi neno letu ni moja. Mtu akiwa hai tunasema mzima, akiwa na afya tunasema mzima, kikombe kisichovunjika kizima. Tunaulizana mzima, tunajibiana mzima, tunapita. Ukiwa na neno moja la vitu vitatu utaviona vipi vikiachana? Nikawaona nyuki wa Mama Kaaya, wametoka mzingani wakiwa hai kabisa, wamekunywa kidogo kwenye maua niliyoyapulizia, na huko angani wamesahau njia ya nyumbani. Hawakufia mlangoni kwa sababu hawakufika mlangoni.

Nilijisikia vibaya na nikafurahi kwa wakati mmoja, na furaha ilikuwa kubwa zaidi, mpaka nikaona aibu. Mtu unagundua umekosea nusu ya maisha yako na unataka kuruka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi ndani nikakuuliza maswali mpaka wali ukapoa, na yule dada mtafiti akasema, "Mzee, wewe ndiye ungeenda chuo." Usiku ule nilimweleza mama yako habari za nyigu mpaka akaniomba nimwache alale.

Bado nina maswali, na hakuna mtu Kijenge anayeweza kunijibu. Wewe uliniambia wapo wadudu ambao dozi ndogo isiyowaua inawafanya watage zaidi, si wote na si kwa kila dawa, lakini wapo. Kwa nini? Mwili wao unajua nini? Na yule kiwavi wa kopo la siagi aliyeamka akala, alipokuja kuwa kipepeo, watoto wake walizaliwa wakiwa wanaijua dawa yangu? Nyuki aliyepotea akilala nje usiku mmoja, kumbukumbu inamrudia? Nikifikiri kwamba kuna nyumba kule Morogoro zenye watu wanaouliza mambo haya mchana kutwa, na kwamba kesho mtoto wangu anaingia humo, moyo unanienda mbio.

Bomba nililitundika tangu siku ile ya nyigu, unajua. Watu wananiita bado, ila sasa nakwenda nageuza majani, natazama chini yake, namwambia mwenye shamba subiri wiki, au pima sawasawa upige jioni maua yakifunga, au hapa huhitaji kitu. Wengine wananiona nimekuwa mvivu. Wiki iliyopita nilikwenda mpaka kwa Mama Kaaya. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikamwambia tu, "Mama, lile swali lako, wako wapi. Nimechelewa kulijibu."

Akacheka. "Ai, Fundi. Umelibeba miaka yote hiyo? Si ungekuja tu." Akanipa kigoda. Nikamweleza habari ya dozi isiyoua, nikamweleza habari ya kizibo, akapiga makofi kwa kicheko nilipofika kwenye uzi. Halafu akaona mikono yangu nilipopokea kikombe cha chai. Akauliza, "Na huyo binti anakwenda lini?" Nikamtajia siku. Akasema, "Mwambie asichelewe. Mimi nimebakiwa na mzinga mmoja."

Sasa tufike huko kwenye mikono. Imeanza muda mrefu kuliko unavyojua. Nilikuwa nashika kikombe kwa mikono miwili nikisema ni heshima ya chai. Mama yako alipoona akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia sina maradhi, mimi mzima. Si unaona? Kila anayeniuliza namjibu mzima, kwa sababu sijafa. Nimempekua nyuki wa mtu kwenye nyasi na kumtangaza mzima, na nikajifanyia mimi mwenyewe vile vile. Inawezekana ni dawa. Inawezekana ni umri, au ni kitu kingine kabisa kisichohusiana na bomba. Mimi sijui, na wewe, pamoja na kioo chako, hujui.

Na hapo ndipo ninapokukatalia. Ukiahirisha utakaa hapa mwaka mzima unatazama mikono yangu. Utapata nini? Utajua inatetemeka. Hilo tunalo tayari, hata kuku wanalo. Utanipikia uji, utanifulia, mwisho wa mwaka itakuwa inatetemeka na wewe utakuwa umeshasahau lile swali la mama wa chapati. Uuguzi nina mke wa kuufanya na nina miguu ya kwenda hospitali. Jumatatu naenda, nimekwisha kumwambia mama yako, na nitamweleza daktari kila kitu nilichokibeba mgongoni na kila kikombe cha maziwa, hata kama atacheka. Akiniuliza naendeleaje, sitamjibu kwa neno moja.

Najua unaogopa kwamba utakuwa huko, ukisoma juu ya vitu vidogo, wakati baba yako yuko huku. Sikiliza. Watu wengi wamesomea namna ya kuua mdudu, na wale waliokufa wamehesabiwa na kuhesabiwa. Wewe umechagua kusomea wale waliobaki hai na hakuna aliyewauliza wamebaki vipi. Nyigu yule, nyuki wale, na wapiga dawa wote wa Meru tunaokunywa chai kwa mikono miwili. Ni sisi unaotufuata huko. Huniachi.

Nasikia sauti zenu getini, mama yako analalamikia bei ya shuka. Nitaikunja hii niiweke chini ya mto wako, usinijibu leo, na usije ukanitazama kwa lile jicho lako wakati wa chakula. Alfajiri tunakwenda stendi pamoja. Begi nitalibeba mimi. Litatikisika njia nzima, waache watu watazame. Wewe panda gari.

Baba yako